Miliampea Thelathini na Nne

Ezron Silavwe yuko kwenye daftari la kumi na saba. Yale kumi na sita yaliyojaa yamepangwa nyumbani kwake Mpemba, kwenye sanduku la bati ambalo mkewe Yunisi alikwenda nalo sekondari, na kila moja limeandikwa juu mwaka lilipoanza na mwaka lilipoisha. Ndani hamna siri yoyote. Mna namba ya gari, tarehe, saa, volti za betri kabla ya kazi na baada ya kazi, na mwisho safu moja nyembamba aliyoiita "uvujaji". Hapo huandika ule umeme mdogo unaotoka kwenye betri wakati gari limezimwa na halifanyi kazi yoyote.

Mafundi wenzake wa umeme wa magari pale Tunduma humcheka kwa safu hiyo. Wao gari likikosa moto wanalibusti kwa betri nyingine, linawaka, dereva anaondoka, basi. Ezron huendelea kuandika. Anajua kwamba lori la Tunduma halilali kama lori la kwingine. Kwingine lori hulala usiku mmoja, asubuhi injini inairudishia betri kilicholiwa usiku. Hapa lori linaweza kukaa yadi siku nne, siku saba, likisubiri karatasi za kuvukia kwenda Zambia, na siku zote hizo kila kilichounganishwa na betri kinaendelea kunyonya: saa ya dashibodi, redio, kufuli za milango. Zikinyonywa miliampea thelathini, betri haitahisi kitu. Zikinyonywa mia sita, siku ya sita dereva atazungusha ufunguo na kusikia mlio mmoja mkavu, kisha kimya.

Kupima umeme mdogo alijifunza kwa kuunguza fyuzi mbili za mita. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kidato cha nne amekimaliza, kazi hana, akapelekwa kwa mjomba wake aliyekuwa akitengeneza redio ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Mjomba alimpa mita akamwambia apime redio moja inakula umeme kiasi gani. Ezron akachomeka waya mwekundu kwenye tundu la ampea, kisha akagusisha ncha zote mbili kwenye betri, huku na huku, kama anayepima volti. Ndani ya mita kikasikika kitu kidogo kikikatika. Kesho yake akarudia vilevile. Siku ya tatu mjomba alimkalisha chini.

"Volti unazichungulia tu, kama mtu aliyesimama dirishani," alimwambia. "Ampea hazichunguliki. Lazima ukate njia, ujiweke katikati, umeme upite ndani ya mita ndipo uhesabike. Kata njia kwanza. Umenielewa?"

Alielewa, na kwa karibu miaka thelathini hakupima ampea bila kukata njia kwanza.

Yadi anayofanyia kazi sasa iko upande wa mjini, karibu na mpaka, na nayo ina sheria iliyomfaa kabisa. Miaka kadhaa iliyopita spana ya dereva mmoja iligusa upande wa chanya wa betri na chasisi kwa pamoja, cheche zikaruka, turubai likashika moto, na malori mawili yakaungua. Tangu hapo ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu: UKIFUNGUA SANDUKU LA BETRI, TOA HASI KWANZA. Mlinzi Gibson, mgambo wa zamani, ameifanya sheria hiyo kuwa dini yake. Akiona sanduku la betri limefunguliwa ubavuni mwa lori na waya wa hasi bado umebana, atakuja hata kama ana tonge mkononi.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, saa tano asubuhi, Ezron alikuwa kibandani kwake. Akamwona Lwitiko anakuja kwa miguu akipita katikati ya malori. Lwitiko ni dereva Mnyakyusa wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mtu wa maneno mengi. Siku hiyo hakuwa nayo.

"Shikamoo, mzee Ezron."

"Marahaba. Lori limegoma tena?"

"Lori linawaka vizuri sana. Niliyezimwa ni mimi."

Akamkabidhi simu. Kwenye kioo Ezron aliona mwandiko wake mwenyewe. Ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari, wa Jumatatu ya wiki hiyo: namba ya lori la Lwitiko, saa, volti, na kwenye safu ya mwisho, "34 mA. Gari safi", na sahihi yake. Siku ile alikuwa ameipiga picha na kumtumia mwenye lori, mama Rosemary wa Vwawa, kwa sababu mama aliiomba. Chini ya picha sasa palikuwa na maneno ambayo Ezron hakuyaandika:

"Wenye magari wenzangu, kuweni macho na dereva Lwitiko Mwaisumo. Tangu Februari betri zimekufa mara tatu akiwa yadi Tunduma. Fundi amepima, gari halina tatizo, ushahidi huu hapa. Anageuza lori langu kuwa banda la kuchajia watu simu."

"Hili ni kundi la wenye malori wa Songwe na Mbeya yote," Lwitiko alisema. "Mmoja wao ndiye aliyenirushia. Mzee, mimi kwenye lile lori huwa nachaji simu yangu hii moja, tena nikiwa naendesha. Leo saa sita mama anakuja na dereva mwingine. Kazi moja kupotea ningevumilia. Lakini kwa karatasi hii, nani tena atanipa usukani kutoka hapa mpaka Mbeya?"

Ezron alirudisha simu. Alikwenda mezani, akalitoa daftari, akamwachia Lwitiko kiti.

Lori lile lilikuwa limeandikwa mara tatu. Februari: 34. Aprili: 33. Jumatatu iliyopita: 34. Namba hazikuwa za kubuni, alizisoma kwa macho yake. Akarudi kwenye safu ya saa, akaanza kuipitia kwa ncha ya kalamu. Mara zote tatu betri zilikuwa zimekufa kabisa, zikatolewa, zikaletwa kibandani kuchajiwa, zikarudishwa. Mara zote tatu alikuwa amepima ndani ya dakika arobaini tangu kuzirudisha. Hakuwa amewahi kulipima lori lile likiwa limekaa siku moja, mbili, bila kuguswa. Kila alipolikaribia kulipima, kitu cha kwanza alichofanya ni kulikatia umeme.

"Lwitiko, simu yako ikiganda unaifanyaje?"

"Naizima, naiwasha."

"Inapona?"

"Inapona. Mpaka siku itakapoganda tena."

"Na ukiizima, ukaiwasha, halafu ukaipeleka kwa fundi, yeye ataona nini?"

Lwitiko alimtazama. "Ataona simu nzima."

"Ndivyo nilivyokuwa nalifanyia lori lako," Ezron alisema, na akaanza kukusanya vifaa.

Lori lilikuwa limesimama palepale tangu Jumatatu, betri zimefungwa, halijaguswa. Ezron alimwomba Lwitiko ahakikishe milango imefungwa, kisha akachutama ubavuni, akafungua sanduku la betri taratibu. Sheria ya ukutani ilimtazama mgongoni. Hakutoa hasi. Kwanza alichukua waya mnene wa kubustia, ncha moja akaibana kwenye kichwa hasi cha betri, ncha nyingine kwenye chuma tupu cha chasisi. Sasa umeme ulikuwa na njia mbili. Ndipo akalegeza kile kibanio cha kawaida na kukiinua, polepole. Umeme ukaendelea kupita kwenye waya wa kubustia kama maji ya mfereji yaliyochimbiwa mchepuko kabla ya kuzibwa kwenye njia yake. Mita akaiweka kati ya kichwa cha betri na kibanio, waya mwekundu ukiwa kwenye tundu la ampea kumi. Mwisho kabisa akauondoa ule waya mnene. Hakuna kilichokatika hata kwa nukta moja, na sasa kila tone la umeme lililotoka kwenye betri lilikuwa linapita ndani ya mita.

Mita ilionyesha 0.612.

Ezron alisubiri dakika tano, kwa desturi. Ikawa 0.609, ikarudi 0.612. Miliampea mia sita na kumi na mbili.

"Hiyo ni nyingi?" Lwitiko aliuliza. Alikuwa amepiga magoti pembeni, mikono ameiweka mgongoni kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Kwa siku sita ni betri nzima, hata dereva awe amelala kanisani."

Lwitiko alicheka kwa sauti, akajifuta macho. "Ndaga fijo, mzee. Nimekushukuru kwa Kinyakyusa, Kiswahili hakitoshi."

"Bado. Hatujajua anayekunywa ni nani. Nenda getini umsubiri mama, umlete moja kwa moja hapa. Na mtu asiguse hiki."

Lwitiko akaondoka. Ezron aliiacha mita ya njano pale pale, ikiwa katikati ya njia, akachukua mita yake ya pili, ile nyeusi ya zamani, akapanda ndani ya lori na kufunga mlango. Aliinamia boksi la fyuzi. Hakutaka kuchomoa hata moja. Aliiweka mita kwenye milivolti, akawa anagusa vichwa viwili vidogo vilivyo juu ya kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri. Kwenye fyuzi ya kumi na moja mita ikasoma nne na nusu. Akarudia, nne na nusu tena. Akafuata waya wake kwa macho: ulipanda ubavuni mwa kioo cha mbele hadi kwenye kamera mbili ndogo, moja inatazama barabara, moja inamtazama dereva. Kila moja ilikuwa na kitaa cha bluu, kinapepesa.

Alikuwa anaandika hilo wakati vitaa vyote viwili vilipozimika.

Alijua kabla hata hajainua kichwa. Alishuka mbio kuliko umri wake. Gibson alikuwa amesimama kando ya sanduku la betri, waya wa mita unaning'inia mkononi mwake, uso umejaa ushindi.

"Gibson! Umegusa nini?"

"Nimekuokoa, mzee. Hasi umeichomoa nusu, umeiunga na viwaya kama mshikaki, halafu umejifungia ndani ya gari. Wewe, Ezron! Wewe unayewafundisha wenzako! Ukutani pameandikwaje?"

Ezron alimsogeza pembeni. Akauchukua waya, akaurudisha mahali pake. Ndani ya lori kamera zikalia mlio mfupi wa kuwaka. Namba kwenye mita ikapanda, ikayumba, na baada ya dakika chache ikaanza kushuka kama mtu anayesinzia: mia nne, mia moja na themanini, sitini. Ilitulia kwenye 0.034.

Hapo ndipo mama Rosemary alipofika.

Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, amevaa kitenge na viatu vya kutembelea mbali. Ana malori matatu ambayo ameyapata moja moja, akianzia kwenye kuuza maharage Vwawa. Nyuma yake alikuja Lwitiko, na nyuma ya Lwitiko dereva mpya, Wilbard, mtu wa Ihanda, mfuko wa nguo begani, anatazama chini.

"Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri, mama. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kubadilisha funguo mkono tu. Huyu ameniambia njiani eti umepata kitu."

"Nimepata, mama. Ile karatasi yangu uliyoirusha kwenye kundi ina kosa."

"Namba umekosea?"

"Namba ni sahihi. Nilikosea kusema gari ni safi."

Mama Rosemary aliinama, akasoma mita mwenyewe. Alisoma kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu. "Sifuri, tatu, nne. Si ndiyo ileile ya Jumatatu?"

"Ndiyo ileile. Robo saa iliyopita ilikuwa mia sita na kumi na mbili."

"Nani aliiona?"

"Mimi na Lwitiko."

"Aaa!" Mama aligeuka, akamtazama Lwitiko, akamtazama Ezron. "Mshitakiwa na rafiki yake. Haya, tumemaliza."

"Hata mimi niliiona, madam," Gibson alisema. Alikuwa amesogea nyuma kidogo, ushindi umeshaanza kumpungua. "Ilikuwa na sita mbele. Nilipochomoa ikafa."

"Ukachomoa kwa nini?"

Gibson alinyoosha kidole ukutani.

"Na wewe chai ya kila asubuhi unainywa na nani, si na Lwitiko huyuhuyu?"

Gibson akashusha kidole.

Ezron alieleza. Hakupandisha sauti wala hakuharakisha. Alieleza jinsi alivyokuwa akikata njia kila mara, na jinsi kitu kilichoganda kinavyopona kikikatiwa umeme. Akamfungulia daftari, akamwonyesha safu ya saa: dakika arobaini, dakika thelathini na tano, dakika arobaini. "Mara zote nimelipima likiwa limetoka kuamka, mama. Sijawahi kulipima likiwa linaumwa, ila leo."

"Fundi, mimi si mtoto. Jumatatu uliniambia safi, nikakuamini. Leo unaniambia chafu, na mita yako inasema safi. Nikuamini wewe wa lini?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na Ezron alilichukua hivyo. "Usiniamini mimi. Iamini mita, lakini uiangalie wewe mwenyewe. Tusiiguse. Kilichotokea kitarudi."

"Kitarudi saa ngapi?"

"Sijui. Kinarudi baada ya dakika arobaini na kabla ya siku tatu. Daftari langu haliniambii zaidi ya hapo."

Wilbard aliguna. Mama Rosemary alimtazama Lwitiko, ambaye hakusema lolote. Labda ndilo lililosaidia, kwa maana mama alikuwa amezoea kumsikia akisema. Akatazama saa yake.

"Wakala wa forodha ameniambia karatasi hazitoki kabla ya saa tisa. Nitakaa mpaka saa tisa. Lwitiko, funguo nipe mimi. Nileteeni kiti. Na kuanzia sasa kila mtu asimame hatua tatu kutoka kwenye hicho kisanduku. Wewe fundi pia. Na wewe mwenye ukuta wako, hatua sita."

Ilikuwa saa sita na dakika hamsini. Mama Rosemary alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya sanduku la betri, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini. Mita ile ilikuwa na tabia ya kujizima kioo kila baada ya robo saa ili isimalize betri yake. Ezron alimwonyesha kwa mbali kitufe cha kuiamsha, akiwa hatua tatu kamili, na mama akawa anakibonyeza mwenyewe. Thelathini na nne. Thelathini na nne. Thelathini na tano. Thelathini na nne.

Saa saba na nusu Gibson alileta chai na mihogo ya kukaanga. Mama alikunywa bila kuondoa macho. Jua lilimfikia, Wilbard akamshikia mwavuli.

"Madam, niliaga nyumbani nakwenda Zambia," Wilbard alisema baada ya muda. "Wakiniuliza nilichofanya, nitasema nilikuwa naikinga mita isiungue jua."

"Nyamaza. Mwavuli unainama."

Lwitiko alikuwa amekaa juu ya tairi bovu. Hakunywa chai. Ezron aliona kwamba kila mama alipobonyeza kile kitufe, Lwitiko alifumba macho mpaka namba isomwe. Naye Ezron alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu. Ikiwa ugonjwa ule huchukua siku nzima kurudi, saa tisa mama angeondoka, Lwitiko angeondoka, na ukurasa wenye sahihi yake ungebaki kwenye simu za watu mia mbili ukisema jambo la kweli lililomfanya mtu kuwa mwongo.

Saa nane na dakika ishirini simu ya mama ililia kwa ujumbe. Aliichungulia, akasonya.

"Wazambia hawa! Wananikaribisha nchini kwao, nami sijasogea hata hatua moja."

"Mulishani, madam," Gibson alimsalimu Kibemba kutoka hatua sita. "Hapa ndivyo. Mtandao wao unavuka kuliko malori. Umekaa sana, simu imehamia."

Mama akabonyeza kitufe. Thelathini na nne.

Ezron hakuwa akitazama mita tena. Alikuwa akitazama kioo cha mbele cha lori. "Mama," alisema, "zile kamera zinakutumia picha kwa njia gani?"

"Zina laini ndani. Kama simu."

"Ya hapa nchini?"

"Ya hapa. Ya ng'ambo sikuilipia, nilikuwa—"

Hakumaliza. Mita ilikuwa imebadilika mbele yake. Tisini na sita. Mia tatu na arobaini. Mia tatu na themanini. Ikasita, ikapanda tena, ikasimama kwenye 0.598.

"Nani kagusa?" mama alipaza sauti.

Watu wanne waliinua mikono juu, yote minane mitupu. Wilbard alikuwa ameuangusha mwavuli.

Mama Rosemary alibaki ameinama. Akahesabu tarakimu kwa kidole, mara mbili. Akangoja dakika tano nzima, bila kuambiwa, akasoma tena. Mia sita na tano.

"Zikiwaka upya zinaanza na mtandao wa nyumbani," Ezron alisema. "Zinakutumia picha, zinalala. Zikikaa hapa mpakani saa moja, mbili, zinanaswa na mtandao wa ng'ambo kama simu yako. Kule laini zake hazina ruhusa. Haziwezi kutuma, na hazijui kulala kabla ya kutuma. Zinajaribu usiku na mchana. Nadhani ndivyo ilivyo. Ninachoweza kukuhakikishia ni fyuzi. Ni ya kumi na moja."

Mama aliinuka kwenye kiti, akapanda ndani ya lori mwenyewe, kwa shida kidogo kwa sababu ya kitenge, akaichomoa fyuzi ya kumi na moja. "Inasomaje?" aliuliza kutoka juu.

Lwitiko ndiye aliyekuwa karibu. Aliinama. "Ishirini na moja, madam."

Aliposhuka, ile fyuzi alikuwa ameifumbata. Alikaa tena kitini.

"Kamera nilizifunga mimi," alisema. "Januari."

"Ndiyo, mama."

"Na betri zikaanza kufa Februari." Akaufungua mkoba, akaitupia fyuzi ndani, akaufunga. "Nitamtafuta aliyeniuzia. Mpaka hapo zikae zimezimwa. Wilbard, utarudi na mimi. Lwitiko, karatasi zikitoka, vuka."

Akanyoosha mkono wenye funguo. Lwitiko hakuzipokea.

"Na kule kwenye kundi, madam?"

"Nitaufuta ule ujumbe."

"Umekaa siku mbili."

"Nimesema nitaufuta, Lwitiko."

"Ukiufuta, mama," Ezron alisema, "waliousoma watabaki na walichosoma."

Alikuwa tayari ameweka daftari juu ya goti. Kwenye maandishi ya Jumatatu, pale palipoandikwa "Gari safi", alipiga mstari mmoja mwembamba, ili maneno yaendelee kusomeka. Pembeni akaandika: "Si kweli. Kosa la mpimaji. Umeme ulikatwa kabla ya kupimwa. Tazama Alhamisi." Kisha chini akaandika ya Alhamisi yote, saa kwa saa, 612, 34, 598, 605, 21, na jina la kila aliyeshuhudia. Alimaliza, akaweka sahihi, akamgeuzia mama.

Mama alisoma polepole. "Umejiandika mwenyewe kuwa mkosaji."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Na mimi utaniandika wapi?"

"Hili ni daftari langu, mama. La kwako unalo mkononi."

Gibson alikohoa. Mama Rosemary akaipiga picha karatasi, akaanza kuandika kwenye simu. Aliandika kwa kidole kimoja. Akafuta. Akaandika tena. Lori la jirani liliitwa jina, likawashwa, likaondoka, vumbi likapita juu yao wote, naye bado anaandika. Mwisho alimwonyesha Lwitiko kioo.

"Soma. Inatosha?"

Lwitiko alisoma. Akasoma tena kutoka juu.

"Umeandika 'yule dereva'," alisema. "Juzi uliniandika jina langu lote."

Mama aliirudisha simu kwake, akafuta maneno mawili, akaandika mengine mawili: Lwitiko Mwaisumo. Akamwonyesha tena. Lwitiko aliitikia kwa kichwa. Mama akabonyeza, na wote watano wakaitazama simu mpaka ujumbe ulipoonyesha kuwa umefika.

Ndipo Lwitiko akanyoosha mkono kupokea funguo.